Maneno Aliyoambiwa Bi Mkubwa

Mheshimiwa mgeni rasmi. Mkurugenzi wa kituo chetu. Madaktari na wauguzi. Askari wastaafu mliokaa safu ya nyuma karibu na mlango, kama kawaida yenu. Ndugu wageni waalikwa. Na wewe Babu Kwato, ambaye ndiwe tumekuja kukuaga: hamjambo nyote.

Mimi si msemaji. Ni fundi wa kushona mapazia, na ni mjane wa sajini mmoja ambaye wengi hapa mlimfahamu. Nimeombwa niseme kidogo juu ya miaka kumi na tisa ya Babu Kwato katika banda la farasi. Nitasema, lakini nina jambo langu pia, na Mkurugenzi analijua.

Mume wangu alirudi kutoka vitani akiwa mzima wa viungo, na majirani wakanipongeza. Hawakujua kwamba alilala na viatu, kwamba alikula akiwa ameupa ukuta mgongo, na kwamba siku kifuniko cha sufuria kilipoanguka jikoni nilimkuta chini ya meza, amemkumbatia binti yetu, amemziba masikio. Kila aliyemuuliza hali alijibiwa, "Niko sawa." Nani angebishana na sajini?

Bi Mkubwa alibishana naye. Ndilo jina askari walilompa yule farasi jike mzee. Siku ya kwanza alipoletwa hapa kituoni kutibiwa kwa kuhudumia farasi, mume wangu alimwamuru asogee. Hakusogea. Akaamuru tena, kwa sauti ya gwaride. Bi Mkubwa akageuka, akaendelea kula majani. Babu Kwato akasema, "Afande, huyu hajawahi kuajiriwa jeshini. Pumua kwanza." Nilikuwa kwenye benchi nje ya uzio, nikacheka hadi nikajifunika uso kwa mtandio.

Wiki ya tano, mume wangu akimsugua Bi Mkubwa kwa brashi, nikaona midomo yake inacheza. Alikuwa anaongea! Aliongea nusu saa nzima, paji la uso kalilaza kwenye shingo ya farasi, na Babu Kwato kasimama pembeni ameshika kamba, kama hayupo. Jioni ile mezani akaniuliza, "Mama watoto, chumvi iko wapi?" Ndugu zangu, ilikuwa mara ya kwanza tangu arudi aseme neno mezani bila kuulizwa. Niliikimbilia ile chumvi kama nimeitwa na mkuu wa majeshi.

Lakini niwafiche nini? Niliona wivu. Miaka ishirini na miwili ya ndoa, na siri zake anapewa mke mwenza mwenye miguu minne! Mwaka jana mume wangu alipofariki kwa maradhi ya figo, wivu ule uligeuka kiu. Nikamfuata Babu Kwato. "Alisema nini?" Akanijibu, "Mama, anayeambiwa ni farasi. Mimi nashika kamba tu." Nilirudi tena na tena, nikapewa jibu lilelile kwa upole uleule.

Niliposikia anastaafu, niliona kama mume wangu anaondoka mara ya pili. Nikamwandikia Mkurugenzi barua, nikitaka Babu Kwato aamriwe kunieleza kabla hajakabidhi funguo. Nilidhani ni jambo la mimi na Babu Kwato tu. Kumbe kuta zina masikio, habari ya barua ikawafikia askari. Wiki iliyofuata askari watatu hawakuja bandani. Wa nne alikuja, akamsugua Bi Mkubwa kuanzia shingo hadi mkia, kimya. Mke wake alinikuta sokoni. Hakunitukana. Alisema, "Dada, wangu alikuwa ameanza kupata usingizi. Sasa anasema, siku akifa kifua chake kitafunguliwa mbele za watu."

Neno hilo nililala nalo siku sita. Mimi niliyemwomba Mungu mume wangu afungue mdomo, ndiye niliyewafunga wenzake midomo.

Je, nilikuwa na haki ya kujua? Labda. Lakini angelijua kwamba ipo siku nitaambiwa, angelisema? Na asingelisema, ningelimpata tena kwa ile miaka mitatu iliyokuwa imetubakia?

Kwa hiyo, Mkurugenzi, naiondoa barua yangu mbele ya wote. Babu Kwato, nenda kapumzike na uliyoyasikia. Sitakuuliza tena, wala wanangu hawatakuuliza. Watu wanakusifu kwa mkono wako juu ya mnyama. Mimi nakusifu kwa kifua chako. Na anayeipokea kamba hiyo ajue kwamba hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Nanyi watatu mlioacha kuja, nawaona. Najua mmekuja kumuaga yeye, si kunisikiliza mimi. Niwieni radhi. Alhamisi saa tatu asubuhi banda litakuwa wazi. Nimezungumza na wake zenu, tumekubaliana. Mkirudi nyumbani kimya, chakula kitakuwa mezani. Mkirudi na neno, tutalipokea. La bandani hatutaliuliza.

Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu. Ahsanteni sana.