Kinyozi Anataka Kubishiwa

Benchi la kijiwe liko mbele ya duka la kunyolea, na mwenye duka, Kinyozi, ndiye aliyekuwa bingwa wa ubishi mtaa mzima. Sasa tangu apasuliwe saratani ya utumbo mpana, wenzake wa benchi, Dereva, Seremala na Mwalimu Mstaafu, wanamshika kama yai. Akisema neno, wanaitikia tu. Jamani, mtu anaumia! Maumivu ya tumbo dawa zilikuwa zimeyatuliza. Hili la kukubaliwa kila kitu lilimkera mpaka usingizini. Asubuhi hiyo Mwalimu Mstaafu alifika kifua mbele, maana binti yake, daktari, alikuwa amekamilisha utafiti wake chuoni.

— Tiba shufaa! Mwalimu akatangaza hata hajakaa. Mgonjwa anatulizwa maumivu, anasikilizwa, na matibabu yake yanaendelea. Binti yangu kawahoji wagonjwa wa utumbo mpana, mmoja mmoja!

— Hata mimi kanihoji, Kinyozi akasema, na yeye akivimba kidogo kwa fahari.

— Hongera. Pole. Kunywa kahawa, kaka, Seremala akamjibu.

— Mimi nasema ugonjwa huu unaletwa na pupa, Dereva akadakia. Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka. Chakula kikipita utumboni mbio kama gari lisilo na breki, lazima kigonge!

— Ehee! Mbona kuku haugui? Seremala akauliza. Anameza mchanga, utumbo unapigwa msasa! Wagonjwa wapewe changarawe, basi, utafiti umekwisha.

— Huo ni upuuzi mtupu, Kinyozi akasema.

— Kweli kabisa, kaka, wakaitikia wote.

Kinyozi akawatazama. Akaamua kuwajaribu.

— Tena jua huchomoza magharibi.

— Umenena, kaka. Pole sana.

Kinyozi alitamani kulia. Hapo hapo akatokea binti wa Mwalimu, mkoba begani.

— Shikamooni, wazee wangu. Nimewasikia tangu kule kona. Mnabishana ugonjwa unaletwa na nini na mgonjwa apewe nini. Mmeshamuuliza mwenyewe anahitaji nini?

Dereva akachungulia kikombe chake kitupu. Seremala akamsogezea Kinyozi kahawa nyingine.

— Huyu peke yake ndiye aliyeniuliza! Kinyozi akasema, akisimama. Nikamwambia: maumivu mmeyatuliza, Mungu awabariki, sasa nataka wenzangu wanibishie kama zamani. Akaandika! Jina langu ameficha, lakini maneno ni yangu, nayo yako ukurasa wa kwanza kabisa wa utafiti wake!

Mwalimu akamtazama binti yake, akamtazama rafiki yake, akakohoa kile kikohozi chake cha darasani.

— Si kweli, akasema. Ukurasa wa kwanza una jina la binti yangu. Wewe uko wa pili.

— Wa kwanza! Kinyozi akanguruma, machozi ya furaha yakimlengalenga.

— Wa pili! Tena kaa chini, unatuzibia jua!