Kanyaga Kwanza: Mwalimu Sefania Shemhilu Anapoaga Uwanja

Baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi katika Chuo cha Ualimu Kwemtindi, Mwalimu Sefania Shemhilu anastaafu rasmi tarehe 30 Juni mwaka huu. Kwa muda wote huo amekuwa mkufunzi wa michezo na kocha mkuu wa timu yetu ya besiboli, ambayo chini yake imetwaa Kombe la Vyuo vya Kanda mara nane. Timu yetu ya mpira wa miguu, yenye jezi za aina tatu na mlezi wa kudumu, haijawahi kutwaa hata ndoo ya kunawia mikono.

Aliyestahili kuandika wasifu huu ni mkufunzi wa Kiswahili, lakini alipata mafua siku ileile alipoombwa. Kazi ikaniangukia mimi wa Hisabati, kwa kuwa ndimi mwandika matokeo wa timu. Niliteuliwa kwa sifa moja tu: nilikuwa na kiti changu mwenyewe. Kanuni za mchezo bado sijazielewa zote, na Mwalimu Sefania hajawahi kunificha anavyonifikiria kuhusu hilo.

Besiboli ilitufikia kwa bahati mbaya ya mtu mmoja. Kulikuwa na semina za michezo Dar es Salaam, na wakubwa wote wakakimbilia ile ya mpira wa miguu, iliyokuwa na chakula cha hoteli. Sefania, mgeni kazini na mdogo kuliko wote, akapelekwa kwenye ile iliyobaki. Akarudi Lushoto na mpira mmoja, glovu moja, na dharau kwa kila mchezo mwingine duniani. Mpira wa miguu aliuita, na anauita mpaka leo, "kukimbizana bila sababu". Netiboli ni "kukimbizana kwa heshima". Riadha hakuipa hata jina.

Katika kikao chake cha kwanza cha wakufunzi alisimama akaomba chuo kiwatafutie wanachuo gongo sita. Mkuu wa chuo wa wakati huo, mzee wa kanisa, alivua miwani akauliza polepole kama anamaanisha chupa au madumu. Sefania akaeleza kwamba ni za mti, atachonga seremala. Tangu siku hiyo kifaa kile tunakiita rungu, na hakuna aliyekosa usingizi.

Kamati ya Michezo, ambayo wajumbe wake wamepangiwa viti vya mbele katika hafla hii ya leo na maua vifuani, ilimsaidia kwa namna yake. Ilimpa kipande cha mlima kilichokwisha kukataliwa na mpira wa miguu, na mahindi, na mbuzi. Kimeinama kiasi kwamba mlinzi wa nje, akiwa kule chini, anamwona mpigaji soli za viatu. Besi, vile vituo ambavyo mkimbiaji hukanyaga ili awe salama, ni magunia yaliyojazwa maranda ya mbao. Ukungu ukishuka, tunajua mlinzi wa nje bado yupo kwa kumsikia akikohoa. Mpira usiodakwa haushiki breki mpaka kwenye kabichi za mama Efrazia, jirani yetu wa bondeni, ambaye huurudisha akiwa ameshaufuta. "Mwalimu, leo umenitagia mawili tu," husema. "Timu inaumwa?"

Mimi mwenyewe niliwahi kuombwa nikazibe pengo huko chini. Mpira ulinijia mara moja, nikaudaka kwa paji la uso. Sefania alikuja mbio, akaukagua mpira kwanza.

Fainali yake ya kwanza aliipoteza kwa sababu ya adabu. Tulikuwa Tanga, tunacheza na chuo kimoja cha huko tambarare. Kijana wetu Kornelio, mtoto wa Bungu, alikuwa amefika besi ya tatu salama, imebaki arudi nyumbani tu, yaani pale anaposimama mpigaji, tupate pointi. Aliyelinda besi ile alikuwa mwanachuo mtu mzima, mwalimu aliyerudi masomoni kujiendeleza, mwenye upara na mvi pembeni. Mpira ulikuwa ndani ya glovu yake. Akamtazama Kornelio, akasema kwa upole, "Hujambo, kijana?"

Mtoto aliyelelewa Bungu hawezi kusemeshwa hivyo na mtu wa makamo ya baba yake akabaki ameganda kama nguzo ya umeme. Kornelio alishuka kwenye besi, akainama, akatoa mikono miwili.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," akajibu yule mzee, akamgusa begani kwa glovu yenye mpira. "Na sasa umekufa, mwanangu."

Ndivyo kanuni inavyosema, nami hiyo moja naielewa: mkimbiaji akiguswa na mpira akiwa hajakanyaga besi, ametoka. Kombe likabaki Tanga.

Njia nzima ya kurudi, kuanzia Mombo hadi kona ya mwisho, tulisubiri Kornelio apewe vidonge vyake. Sefania hakumgusa. Kocha mwingine angewakataza wachezaji kusalimia uwanjani. Yeye alisema hawezi kuwafundisha watoto wa watu ukosefu wa adabu kwa ajili ya kikombe cha bati. Kesho yake alasiri akawapanga mstari, akawapa somo lililomfanya kuwa kocha: "Kanyaga kwanza. Shikamoo haina haraka. Mguu ndio una haraka."

Basi ikawa hivyo mwaka hadi mwaka. Mchezaji anateleza mpaka kwenye gunia, anasimama, mguu mmoja umegandia pale, anainama, anasalimia. Mwenyekiti wa Kamati, ambaye ndiye mlezi wa timu ya mpira wa miguu, alipita siku moja akasema kwa sauti iliyotosha, "Hii ni timu au kwaya ya kukaribisha wageni?"

"Ni timu, mwenyekiti," Sefania akajibu bila kugeuka. "Kwaya ni ile yako inayofungwa sita kila Jumamosi."

Makombe yakaanza kupanda mlima. Msidhani wachezaji walipakwa asali. Sifa ya juu kabisa kutoka kwa Sefania ni "siyo mbaya sana, nenda ukale". Timu ni ya wavulana na wasichana pamoja, kwa kuwa hatukuwahi kutimia bila kuchanganya, na mtu pekee aliyewahi kuzidishiwa sifa ni mdakaji wetu wa zamani, Yusta, ambaye leo ni mkufunzi mwenzetu na msaidizi wake. Juu yake Sefania alisema, "Huyu anaweza kuachiwa." Yusta alilia siku nzima, tukadhani ametukanwa.

Mwaka jana Kamati ilikaa, ikala, ikaamua kwamba Sefania akistaafu, besiboli istaafu naye, na uwanja uwe maegesho ya wageni wa mahafali. Ni gari gani litakaloegeshwa kwenye mteremko ule bila kuishia kwenye kabichi, Kamati haikujiuliza. Sefania aliomba timu iachwe mikononi mwa Yusta. "Mchezo huu ni wako, Mwalimu," akaambiwa. "Ondoka nao." Alipong'ang'ania, wakampa sharti kwa ukarimu wa mtu anayejua hatadaiwa: akichukua kombe la mwaka huu, timu inabaki na Yusta anakuwa kocha. Nusu ya wachezaji wake walikuwa wameshahitimu. Wengine hawakuwa wamewahi kushika rungu.

Hapo ndipo nilipomwona kwa mara ya kwanza bila dharau yake. Alikuwa akifika uwanjani kabla ya wote, akiyasogeza magunia, kisha akiyarudisha palepale. Siku moja akaniuliza kama nadhani tutashinda. Mtu anayefikia kuniuliza mimi habari za besiboli yuko taabani.

Fainali ilichezwa hapa kwetu mwezi Mei, na waliokuja ni chuo kilekile cha tambarare. Tulikuwa sare, zamu ya mwisho, na Alen, mwanachuo wa mwaka wa kwanza, akateleza akafika besi ya tatu. Mlinzi wake? Mtu mzima mwenye mvi. Chuo kile nadhani huwachagua kwa mvi. Mpira ukiwa ndani ya glovu, akatabasamu. "Hujambo, kijana?"

Alen akakanyaga gunia mpaka maranda yakatoka, akainama, akatoa mikono miwili. "Shikamoo, mzee."

Mikono ikabaki hewani, ikisubiri. Na mtu mzima hawezi kuiacha mikono ya kijana hewani mbele ya Lushoto nzima. "Marahaba," akasema, akabana glovu kwapani ili apokee. Mpira ukachungulia, ukadondoka, ukashika njia ya bondeni.

"Samahani, mzee," Alen akasema, akakimbia nyumbani.

Kocha wao alilalamika kwamba wameibiwa kwa shikamoo. Mwamuzi akakuna kichwa, akasema kanuni hazikatazi salamu. Sefania alikuwa ameketi juu ya gunia la besi ya tatu, kofia usoni. Wanachuo walidhani anacheka. Mimi niliyekuwa karibu nasema hakuwa anacheka.

Kamati ilifika haraka kupiga picha. Wiki iliyofuata ikamwomba abaki kwa mkataba, maana timu ya mabingwa, walisema, haiwezi kuachiwa msaidizi. Sefania akawajibu kwa dharau yake yote, ambayo tulifurahi kuona imerudi: "Mlisema kombe, halafu Yusta. Kombe mmeshapiga nalo picha. Yusta yuko wapi?" Yusta alipewa kazi siku hiyohiyo.

Mwalimu Sefania, tunakushukuru wote, hata sisi tusiojua kanuni. Mungu akujalie afya, kahawa yako izae, na wajukuu wakutii kuliko tulivyokutii sisi. Ishi vizuri.

Kocha mpya, Mwalimu Yusta, ameniagiza nimalizie kwa tangazo. Mazoezi ni Jumatatu alasiri, kama kawaida. Wajumbe wa Kamati, ambao ratiba ya leo inawataja kuwa waasisi wa timu, mnaombwa mfike mapema. Nyasi zimekuwa ndefu. Majembe mtayakuta uwanjani.