Mlango wa Mvule na Spika za Athanas

Kijiwe cha Nkende hakikuwa na benchi, kilikuwa na mlango. Mlango mzima wa mvule, mzito, bawaba zake bado zimeng'ang'ania ubavuni, umelazwa juu ya mawe mbele ya jiko la kahawa la Sadick. Juu yake wanaume walikaa tangu asubuhi wakiiendesha dunia, maana ya kwao ilikuwa inaendeshwa na wengine. Mwenye mlango alikuwa Kisyeri, na alikuwa na mahali pake, upande wa bawaba, ambako wenzake hawakupenda kukaa kwa sababu chuma kilichoma makalio. Mwaka ule wa operesheni ya kuhamishia watu vijijini aliambiwa ashuke kutoka mlimani akajenge kwenye mstari kama watu wote. Aliiacha nyumba, akaiacha na kahawa yake ikiwa imeiva shambani, lakini mlango aliung'oa. Kwenye kiwanja kipya, ukuta wa fito na udongo mbichi ulishindwa kuubeba. Aliufunga mara moja tu, ukaanguka pamoja na ukuta. Robi, mkewe, akatundika mkeka pale penye mlango, na mlango wenyewe ukaja kijiweni. Kisyeri alisema anaukopesha tu mpaka siku atakayorudi mlimani. Wenzake wakampa jina la Bwana Mlango, naye akacheka pamoja nao, ingawa moyoni hakuona cha kuchekesha.

Asubuhi hiyo Athanas alikuja amekumbatia spika mbili kubwa zilizofungwa kwenye gunia. Athanas alikuwa seremala na fundi redio kwa pamoja, na watu walimwita Mawimbi.

— Wazee, alisema baada ya kupokea kikombe chake, spika ninazo, maboksi sina. Nipeni akili. Nitumie mti gani?

— Pasua mkaratusi, alisema mzee Waitara. Yeye aliitwa Bama, kwa kuwa alipigana huko Bama wakati wa vita vya Wajapani na hakuna siku aliyoacha kuwakumbusha. Imejaa kila kona, mura, kijana wangu, aliendelea. Unalia shida gani?

— Niliupasua mwaka jana, mzee. Jioni nimemaliza boksi limenyooka vizuri, asubuhi nalikuta limejikunja kama chapati. Mkaratusi mbichi hauna adabu.

— Basi plaiwudi ya masanduku ya chai, alisema Benedicto. Huyu alisomea ukatekista akafukuzwa kabla ya kumaliza, lakini jina la Katekista lilibaki naye. Ile imekauka tayari, aliendelea, na imeandikwa maneno ya Kizungu. Utapata boksi lililosoma.

— Nyembamba. Ukifungua sauti, ubao unatetemeka kuliko spika. Mwimbaji anaimba yake, sanduku linaimba lake.

— Na mgrivelia? Ule wa kivuli cha kahawa? aliuliza tena Katekista.

— Laini. Skrubu inachomoka yenyewe.

Kisyeri aliposikia mgrivelia alitazama ndani ya kikombe chake. Kule mlimani alikuwa na mistari ya mgrivelia aliyoipanda kwa mkono wake, na hakujua kama bado imesimama au imekwisha kuwa kuni za watu. Sadick alimwongezea kahawa bila kuulizwa. Ilikuwa chungu kweli kweli, maana sukari ya foleni ilikuwa haijafika dukani tangu mwezi uliopita.

— Mnababaika bure, alisema Bama. Chukua gogo zima, uchimbe katikati, uwambe ngozi ya ng'ombe, kama tunavyotengeneza iritungu, zeze letu kubwa. Iritungu likipigwa kwenye arusi huku, ng'ambo ya mto wanaanza kucheza, na halina waya wa umeme hata mmoja.

— Hilo ni la kuimba, mzee. Boksi la spika halitakiwi kuimba. Linatakiwa linyamaze, mwenzake aseme.

— Sasa boksi gani hilo lisilo na sauti?

— Ndiyo boksi zuri. Unaligonga, linajibu du, basi. Mti mzito, mnene, uliokauka miaka.

— Kauka, kauka, alisema Katekista. Kukauka peke yake hakutoshi, lazima ujue mti umetoka wapi. Kuna padri mmoja alitengenezewa spika kwa mabenchi ya kanisa. Walipoleta sahani ya rumba, ikagoma. Inakoroma tu. Wakaleta nyimbo za Pasaka, ikatoa sauti kama malaika.

— Uliiona? aliuliza Sadick.

— Niliambiwa na mtu aliyeiona.

— Babu yangu alikuwa seremala, alisema Sadick huku akipuliza makaa. Alisema mti unasikia. Ukikaa chumba cha mgonjwa unajifunza kuguna.

— Bama huko, alisema Waitara, na wote wakashusha pumzi kwa sababu walijua hadithi yake haiishi upesi. Bama huko Mjapani alikuwa anaficha spika msituni, na usiku zinatuita kwa majina yetu. Waitara, njoo nyumbani, mama yako amepika. Kwa Kikurya safi. Tukaja kuzikamata. Mnajua boksi lilikuwa la nini? Mti uliopigwa na radi. Mti wa radi unajua jina la kila mtu.

— Mzee Bama, Mjapani alijifunza Kikurya wapi? aliuliza Sadick.

— Ndiyo ninakuambia. Hakujifunza. Mti ulijua.

Katekista hakutaka kushindwa na mzee. Alitazama kushoto na kulia, akapunguza sauti kama mtu anayeuza magendo ya mpakani Sirari.

— Nitawaambia jambo, lisitoke hapa. Kuna mti mmoja, ukiutengenezea spika, uongo haupiti. Mtu akisema kweli, inatoka. Akidanganya, waya unaungua. Ndiyo maana vibali vya kupasua mbao ni vigumu siku hizi. Wanauogopa usije ukapasuliwa kwa bahati mbaya.

Walicheka, kisha wakaacha wote kwa pamoja na kutazama barabarani kama kuna mtu aliyesikia. Siku zile hata kicheko kilikuwa na mipaka yake.

Hapo Athanas aliinama, akagonga ubao aliokalia kwa kifundo cha kidole. Du. Akasogea, akagonga tena. Du.

— Ninyi, alisema polepole. Tumekalia nini?

Wote walimtazama Kisyeri. Naye alikuwa ameyasubiri maneno hayo tangu liliposemwa neno kukauka.

— Hiyo si mbao, alisema. Huo ni mlango.

— Umekauka miaka mingapi? aliuliza Athanas.

— Niliutengenezesha kwa kahawa yangu ya kwanza, kabla ya uhuru.

— Na moshi wa jiko umeupitia siku zote hizo. Tazama rangi. Mdudu hawezi kuugusa. Mti wa namna hii hata wenye kibali hawaupati.

— Mimi nitarudi nao nyumbani.

— Nyumbani wapi, tata, baba yangu? aliuliza Bama. Mzee hakukusudia ubaya, na kwa sababu hiyo swali lilimwingia Kisyeri zaidi.

— Tangu uanze kurudi, alisema Katekista, makalio yetu yameota sugu.

Hakuna aliyecheka sana. Athanas alikaa karibu na Kisyeri, pale pale kwenye bawaba, akaongea kwa upole. Kazi yenyewe ni ya muziki, alisema. Kilabu kinataka spika, Jumamosi watu wacheze kidogo, wasahau. Mlango ni mkubwa, utabakisha. Kwa mabaki atamtengenezea Kisyeri mlango mdogo, mwepesi, wa kuenea ile nyumba ya fito, ukuta uubebe bila kulalamika. Atakuja kuufunga mwenyewe.

Kisyeri alimfikiria Robi na mkeka wake. Juzi mbwa wa jirani waliupita wakala ugali wote chunguni, na Robi hakugomba. Alisema tu, "Mume wangu, mlango tunao, wanaukalia wanaume." Kisyeri alijua kwamba akikubali, hatarudi tena mlimani. Hakuna mtu angemtangazia, hata yeye mwenyewe asingesema. Angekuwa tu mtu mwenye mlango mdogo. Na akikataa, mkewe atalala nyuma ya mkeka mpaka lini? Alimaliza kahawa yake.

— Bawaba uniachie, alisema.

Waliinuka wote na vikombe vyao. Athanas alikwenda kuleta msumeno, na aliporudi alikuwa pia na kamba yenye mafundo ya vipimo, vyuma vinne vya miguu na kipande cha turubai.

— Turubai la nini? aliuliza Bama.

— Mvua isiingie.

— Mvua, kilabuni?

— Mzee, kilabu chenu kina paa?

Kilabu kilikuwa hakina paa, kwa hiyo Bama akarudi kwenye kikombe chake. Msumeno ukaanza. Unga wa mbao ulipoanguka, harufu ikapanda, na haikuwa harufu ya mvule. Ilikuwa moshi wa jiko la mlimani, maziwa yaliyomwagika, kahawa mbichi iliyoanikwa uani. Kisyeri aligeuka akatazama upande mwingine, kwa sababu machozi yalimlengalenga na hakutaka Katekista apate la kusema. Nyuma yake mlango ulikatika vipande viwili, kimoja kikaanguka juu ya mawe.

Wakati huo akaja Mseti. Alikuwa mdogo wake Robi, na kwao bado walikuwa wanaishi palepale walipozaliwa, upande wa Genkuru, kila mtu kwenye shamba lake. Alikuwa na vumbi mpaka magotini.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba.

— Shemeji, shikamoo. Nimekuja kutafuta chumvi, na kuuliza jambo. Ninyi wa mjini mnajua mambo.

— Uliza, mura, alisema Bama. Umefika penyewe.

— Juzi gari la ofisi lilipita kwetu. Mtu amesimama nyuma, anatangaza kwa mdomo mtupu. Upepo ulikuwa mkali, hatukusikia hata neno. Alipoona hatusikii akasema subirini, spika zetu zipo kwa fundi, wiki ijayo tunakuja nazo juu ya gari. Mseti aliitazama kazi ya Athanas, maboksi yaliyochorwa kwa chaki, vyuma vya miguu, turubai. Sasa wazee wa kwetu wananiuliza, aliendelea, na mimi sijui. Alikuwa anasema nini?

Wanaume waliokuwa wanajua majina ya miti inayojua majina ya watu waligeuka kuzitazama spika za Athanas. Katekista alikagua kandambili zake. Bama, aliyezoea kujibu kabla ya kuulizwa, alikohoa, halafu akakohoa tena. Sadick aliinamisha dele lake la kahawa juu ya kikombe cha mgeni, likatoa matone mawili meusi na machicha.

— Imekwisha, alisema, na akaanza kukusanya vikombe ingawa jua la asubuhi lilikuwa bado chini.

Kisyeri alimtazama Athanas.

— Ulisema muziki.

— Watapiga na muziki, alisema Athanas. Kwanza wanaanza na muziki, watu wakusanyike. Hakuinua macho kutoka kwenye msumeno. Nisingetengeneza mimi, aliongeza, angetengeneza mwingine, Kisyeri. Unajua hivyo.

Kisyeri alijua. Hasira ilimpanda, lakini ingemsaidia nini? Hata kwao mlimani watu wa operesheni walikuja na muziki. Aliukumbuka vizuri, na jinsi watoto walivyolikimbilia gari wakicheza, na sauti iliyofuata ikiwahesabia siku za kuhama. Alikuwa amesimama mlangoni, mkono juu ya ubao huu huu. Sasa sauti ile ingepita ndani ya ubao huu kwenda kwa ndugu za mkewe, na ungenyamaza vizuri, kama fundi alivyotaka.

Aliinama akaokota kile kipande chenye bawaba, akakikumbatia.

— Hicho ndicho nilichokuwa nakupimia mlango mdogo, alisema Athanas kwa sauti ya chini.

Kisyeri alimpita na kipande chake. Alimshika Mseti bega, akamtenga kidogo na wenzake.

— Shemeji, achana na chumvi. Rudi nyumbani leo. Waambie wazee wavune kilichoiva, hata kilichoiva nusu. Halafu ng'oa mlango. Anza na mlango, kabla ya mabati, kabla ya vitanda, maana siku yenyewe ikifika hutapata nafasi. Ni mzito, tafuta mtu wa kusaidiana naye.

Mseti alimtazama, na uso wake ukabadilika polepole, kama mtu anayesikia jambo kutoka mbali na sasa linakaribia.

— Niung'oe, nije nao hapa kwako?

Kisyeri aliyatazama mawe yaliyobaki matupu mbele ya jiko la Sadick, na wanaume waliosimama kwa kuwa hawakuwa na pa kukaa.

— Hapa usiulete, alisema.