Sensa ya Kunguru wa Magongo

— Kunguru akilala Kisauni, akaja Magongo kula, ahesabiwe wapi?

Swali hilo aliliuliza Tinga, asubuhi ya kwanza, watu wakacheka, wakanyoosha vikombe. Rahima, muuza kahawa, alikuwa ndiyo kwanza anateremsha dele lake, na pale kijiweni kahawa haingojei mjadala. Kijiwe chenyewe ni ubao mmoja uliolazwa juu ya magurudumu mawili ya lori, mkabala na jaa. Wenyewe ni watatu. Tinga anaitwa Wakili, kwa kuwa aliwahi kuitwa mahakamani kutoa ushahidi akaongea mpaka hakimu akaahirisha kesi. Oduor ni Injini, fundi wa pikipiki, ila pikipiki zenyewe hakuna aliyeziona. Ngala ni Waziri: kila siku yumo ndani ya koti la kung'aa la bandari ya Kipevu, na kila siku anasema zamu yake inaanza sasa hivi.

Pembeni yao, kwenye kigoda alichokuja nacho mwenyewe, aliketi Pascalia na daftari lake. Zamani alikuwa karani wa kutoa mizigo bandarini. Mamake alipopooza aliacha kazi, akamgeuza, akamlisha na kumwosha miaka sita, mpaka alipomzika. Kisha akasomea cheti cha ikolojia, akiwa na miaka arobaini na mmoja. Mradi mmoja wa ndege ulikubali kumjaribu: ahesabu kunguru mahali pamoja, asubuhi kumi mfululizo, kuanzia saa kumi na mbili, na mtu wa papo hapo aweke sahihi kwamba alimwona toka mwanzo hadi mwisho. Bila sahihi, hakuna kazi.

Wakili hakuliacha swali lake. Alishikilia kwamba sensa haimwandiki mtu anapokula, humwandika alikolala, kwa hiyo hawa wote ni wageni na Pascalia anaidanganya serikali.

— Wageni gani, manze? Injini akasema. Hao ni kumi tu. Wanazunguka nyuma ya kituo cha petroli, wanarudi mbele yake. Akiandika mia, wao wanacheka.

Akashauri kila anayehesabiwa apakwe rangi ya samawati, kidogo tu, mkiani. Siku ya tatu Waziri aligundua kwamba kunguru hao wameletwa. Uchaguzi unakaribia, alisema, na ni lini mtu aliona kunguru arobaini wamekaa kwenye waya mmoja wakitazama upande mmoja bila kuandaliwa? Wakili akataka waonyeshe vitambulisho. Siku ya sita walikuwa wameshakubaliana kwamba kunguru mwenye vifaranga aandikwe mkuu wa kaya, ila hawakuafikiana kuhusu kunguru wajane.

Pascalia hakuinua kichwa.

— Hamsini na tatu, alisema, akaandika.

— Nikwambie kweli, dada Pascalia, Wakili akasema. Kazi ni mazoea. Mtu aliyekaa nyumbani miaka sita, hata kunguru watamwamini vipi?

— Mwili husahau, Injini akaunga mkono, akinyoosha miguu apate nafasi zaidi ya kukaa.

Pascalia akapiga mstari chini ya hesabu. Miaka sita ya kuamka kabla ya adhana, na hawa, waliofika kwenye ubao huu kabla yake kila siku ya Mungu, ndio wanaomhesabia kukaa. Lakini kunguru wawili walitua kwenye jaa. Akawaandika.

Siku ya kumi alikuja msichana wa mradi, Judy, na fomu mkononi. Alisalimu, akaitikiwa vizuri, akapewa kahawa. Kisha akauliza swali jepesi kabisa.

— Nani kati yenu huwa hapa kila asubuhi?

Rahima alisema yeye hufika saa moja, hesabu imeshaanza. Wakili akasema anapita tu, anaelekea kortini, ingawa siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Injini alikuwa anangojea spea. Waziri akatazama saa. Wote watatu walikuwa wamekaa.

— Basi pole, dada, Judy akamwambia Pascalia. Bila shahidi siwezi kuipokea.

Pascalia akampa daftari, akamwonyesha safu ya mwisho, ile inayouliza viumbe wengine waliokuwapo. Judy akasoma kwa sauti.

— Siku ya kwanza: paka mmoja, wanaume watatu, wamekaa. Siku ya pili: wanaume watatu, wamekaa. Siku ya tano, mvua: wanaume watatu, wamesogea, wamekaa.

— Ndiyo nini kutuandika sisi? Injini akauliza.

— Safu imeuliza.

Wakili, mtu wa kumchosha hakimu, alikuwa anachunguza kikombe chake. Waziri akainama upande wa Pascalia, sauti imemshuka.

— Dada, mke wangu kule Kisauni anajua niko Kipevu. Hunifungia chapati kila asubuhi. Walitupunguza kazini, miezi minane sasa. Jina langu likionekana kwamba niko hapa…

Hakumaliza. Pascalia akamtazama, na lile koti likawa koti tu. Alikumbuka siku ya kwanza Wakili alipouliza swali lake, jinsi wote walivyocheka isipokuwa Ngala, aliyekazana kupuliza kikombe ambacho hata kahawa kilikuwa hakijatiwa. Mtu akilala Kisauni, akaaga anakwenda Kipevu, akashinda Magongo, ahesabiwe wapi?

Alimwomba Judy ile fomu, akaisoma yote mbele yake polepole, mstari kwa mstari, kidole juu ya maandishi. Haikuuliza kazi. Haikuuliza mke. Akaiweka juu ya ubao baina ya vikombe, na kalamu juu yake.

— Kaka Ngala, wanauliza ulikuwapo au hukuwapo, basi. Nawe ulikuwapo. Niandikie jina lako hapa.