Nyota za Lusungu

Ukishuka Tukuyu, pale Msasani, ukaona benchi limeegemea kibanda cha kutengeneza simu na wanaume wamelikalia kama wanalipwa, usiulize ni ofisi ya nani. Ni yetu. Kibanda ni changu. Jina langu Anyitike, ila hapa naitwa Cheti, kwa sababu sina. Shule niliiacha fomu tuu, walipoishiwa cha kunifundisha. Birika ni la Kasim, ambaye kahawa yake inaweza kumwamsha marehemu akaomba kashata. Pembeni yake hukaa Fahadi, fundi wa kufunga madishi, kwa hiyo ni Dishi. Anayefuata ni Meshaki. Huyu tunamwita Hansadi, maana amefuata vikao vya Bunge redioni miaka mingi mpaka hawezi kuomba kijiko bila kumtaja mwenyekiti. Siku hiyo mvua ilikuwa ileile yetu, isiyojulikana ilianza lini, na mada ilikuwa Lusungu.

Lusungu anaandika programu za kompyuta. Angalau ndivyo anavyosema. Hukaa mwisho wa benchi, laptopu mapajani, waya umechomekwa kwangu. Anasema anapenda kufanya kazi kati ya watu. Mimi nasema anapenda luku yangu. Kilichompa jina si programu, ni orodha. Amekusanya kila mahali mtandaoni ambapo mtu anaweza kujifunza kuandika programu, akapanga kwa vichwa vya habari, akaiweka hadharani huko wanakokutana wenzake. Anayeipenda anabonyeza kialama cha nyota. Nyota zikapita mia nne. Chuo kimoja cha kompyuta cha Mbeya mjini kikasikia, kikamwita aje Jumatatu kuanza kufundisha wale wasiojua kitu kabisa. Sharti moja tu, aje na mdhamini, mtu mzima.

Mtu mzima ni mjomba wake, Mzee Anyelwisye wa Lufingo. Na ndiye aliyetokea kwenye mvua, mwavuli begani, uso umekunjamana.

Mzee Anyelwisye: Ndaga, vijana. Sikai. Nimekuja na neno moja. Jumatatu siendi.

Lusungu: Mjomba, si tulishakubaliana.

Mzee Anyelwisye: Tulikubaliana kabla sijaambiwa. Gwe Lusungu, ni kweli una nyota za watu?

Lusungu: Kweli, mjomba. Mia nne na kitu.

Tena alisema kwa majivuno, mjinga huyu. Mzee akakaa.

Sasa wewe unayesoma, unayajua matangazo ya waganga yaliyobandikwa kwenye nguzo za umeme kuanzia stendi mpaka huku kwetu. Kusafisha nyota, kurudisha nyota iliyoibiwa, piga namba hii. Mzee naye anayajua. Na hapa kijana wa dada yake amekiri mwenyewe, bila kuguswa, mbele ya mashahidi.

Mzee Anyelwisye: Mia nne. Na wenyewe wana habari?

Lusungu: Walinipa wenyewe. Wengine wako Brazili.

Mzee Anyelwisye: Mpaka Brazili amefika.

Hansadi: Mheshimiwa mwenyekiti, taarifa. Anayepewa nyota kwa hiari hajaiba. Hilo ni suala la mirathi.

Mimi: Hansadi, kunywa kahawa.

Lusungu: Mjomba, ni alama tu. Mtu akiona orodha ni nzuri anabonyeza, ili siku nyingine aikumbuke, arudi asome.

Mzee Anyelwisye: Wanarudi?

Lusungu: Hilo siwezi kujua.

Mimi: Hawarudi. Mimi nilimpa nyota mwaka jana. Sijui hata ilipo.

Dishi: Acha niwaeleze mimi, maana hiki kitu ni fani yangu. Mteja akiniita nifunge dishi, swali lake la kwanza ni chaneli ngapi. Nikimwambia mia na hamsini, za bure, anaita mke, anaita jirani. Ninazo zote kichwani, za Uarabuni, za Uhindini, moja ya kupika ya Korea. Nikirudi baada ya mwezi nakuta wanaangalia moja, ya mpira. Siku hakuna mpira wamezima. Lusungu anauza chaneli.

Lusungu: Siuzi. Ni bure.

Dishi: Ndiyo maana hata ya mpira hawaangalii.

Kasim alicheka peke yake, akaongeza mkaa. Lusungu akafunga laptopu nusu, kama mtu anayemziba mtoto masikio.

Hansadi: Naomba nichangie kwa ufupi. Tangu tufungue soko, kila kitu kimepata dalali. Ndizi ina dalali. Kiwanja kina dalali. Hata mchumba, siku hizi kuna mtu katikati. Ilikuwa imebaki kompyuta tu. Sasa dalali wake naye kapatikana. Hana shamba, hana mzigo, hana gari. Kazi yake kunyoosha kidole, kuna kitu kule. Ukimuuliza kikoje, anasema ni kizuri, nenda.

Lusungu: Si kunyoosha kidole. Nachagua. Mtandao umejaa takataka. Mimi nachambua kama chai, majani mawili na kichipukizi, basi.

Hapo aliteleza. Mjomba wake ana shamba la chai tangu Lusungu hajazaliwa.

Mzee Anyelwisye: Unachambua. Vizuri. Jani gumu umerudisha?

Lusungu: Jani gumu vipi, mjomba?

Mzee Anyelwisye: Mtu kaleta kitu kibaya, ukamwambia hiki sipokei, rudi nacho nyumbani.

Lusungu: Huko kwetu si hivyo. Mtu akileta kitu chake ukikikataa, ananuna. Akinuna anaondoa nyota.

Mimi: Kwa hiyo unapokea na magugu.

Lusungu: Napokea, halafu nayaweka chini, kwenye kichwa cha Mengineyo.

Mimi: Mengineyo ndiyo sehemu ndefu kuliko zote, mzee. Nimeiona.

Lusungu: Kuna sheria lakini. Tuna sheria kali.

Hansadi: Zitaje.

Lusungu: Kila mstari uanze kwa herufi kubwa. Uishe kwa nukta.

Mimi nilijua tumefika mahali patamu. Nikamwomba Kasim amwongezee mzee.

Mimi: Mwambie mjomba habari za nukta.

Lusungu: Hazina maana.

Mimi: Mwambie.

Lusungu: Mtu mmoja wa Ureno alileta ombi, nukta ziondolewe. Mwingine akapinga. Wakaanza kuandikiana. Wakaja wengine. Tulijadili kama wiki mbili.

Hansadi: Mkapiga kura?

Lusungu: Tukapiga.

Hansadi: Ya siri au ya wazi?

Lusungu: Ya wazi. Nukta zikashinda.

Dishi: Na yule Mreno?

Lusungu alikwaruza kikombe kwa ukucha.

Lusungu: Alinakili orodha nzima, akafuta nukta, akaweka jina lake. Yake ina nyota mia sita.

Benchi lilitikisika mpaka birika likalia. Hata mzee alijificha kwenye ukingo wa mwavuli. Mimi sina huruma ya kucheka, na sikuianza siku hiyo. Watu wa dunia nzima, wenye shahada, wenye mashine za bei ya ng'ombe watatu, wamekaa wiki mbili wanagombania kidoti mwishoni mwa mstari ambao hakuna aliyeufungua.

Dishi: Mimi nina wasiwasi mwingine. Hizo nyota zinapitia wapi? Lazima zipande juu. Na dishi linapokea, lakini pia linaangaliwa, hilo mnalijua nyinyi? Kila anayebonyeza anaonekana alipo. Baada ya miaka mitano watakuwa na ramani ya wote wanaotaka kujifunza.

Mimi: Na wafanye nini nayo?

Dishi: Wawawahi.

Hansadi: Mheshimiwa, mimi naona mbali zaidi. Nchi zilizoendelea zina ziada ya mafunzo. Yameoza kwenye maghala. Wanatafuta pa kuyatupa, kama zile friji za mitumba. Lusungu ndiye bandari.

Lusungu: Mafunzo hayaozi.

Mimi: Yanaoza. Nilifungua matatu, mawili yakasema ukurasa haupo.

Kasim huwa haongei. Anamimina. Siku hiyo aliweka birika chini.

Kasim: Mimi nimemsikiliza huyu kijana muda mrefu, anaongea na wenzake kwenye simu. Kila mmoja ana orodha. Juzi akataja orodha ya orodha. Mpaka nikajiuliza. Labda hakuna mtu anayeandika programu.

Dishi: Duniani?

Kasim: Duniani. Ziliandikwa zote zamani, na mtu mmoja, akafa. Waliobaki wanaelekezana tu aliziacha wapi.

Tulimtazama Lusungu akanushe. Alichelewa.

Lusungu: Si kweli.

Kasim: Ya kwako iko wapi?

Lusungu: Niko mbioni. Kwanza nilitaka nimalize orodha.

Kasim akarudia kumimina. Mzee alikuwa bado ameinama, anawaza Brazili. Nikaona kama sitaingilia mimi, Lusungu atabaki kwenye benchi langu mpaka azeeke, na luku yangu nayo iishe. Nikajisogeza.

Mimi: Mzee, nisikilize, mimi ndiye mwenye akili hapa. Hii nyota si ile ya kwenye nguzo. Wewe unapita njiani, unaona mtu analima, unamwambia pole na kazi. Umempa kitu?

Mzee Anyelwisye: Sijampa kitu.

Mimi: Umeshika jembe?

Mzee Anyelwisye: Sijashika.

Mimi: Umeendelea na safari yako. Basi hiyo ndiyo nyota. Lusungu ameambiwa pole na kazi mara mia nne.

Mzee aliizungusha hiyo kichwani, polepole, kama anatafuta mfupa kwenye samaki.

Mzee Anyelwisye: Haina madhara, basi.

Mimi: Haina madhara. Faida pia sijaiona.

Mzee Anyelwisye: Na huko chuoni wamemwita kwa hizo pole?

Lusungu: Wameona najua vyanzo, mjomba. Mwanafunzi mgeni anapotea. Anahitaji mtu wa kumwonyesha njia. Hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Mzee Anyelwisye: Haya. Hiyo ni kazi ya heshima. Jumatatu tutakwenda.

Lusungu akasimama, akashika mkono wa mjomba wake kwa mikono yote miwili, akamwambia Kasim azungushe kahawa kwa wote, na nadhani hajawahi kusema hivyo tangu azaliwe. Hansadi akaunga mkono hoja. Tulikuwa bado tunapuliza vikombe alipoingia msichana chini ya bati letu, amejitanda kanga kichwani, ameibana laptopu kifuani ndani ya mfuko wa mbolea. Viatu tope tupu. Alitoka mbali.

Msichana: Shikamooni.

Mzee Anyelwisye: Marahaba. Ugonile, mwana.

Msichana: Naitwa Neema, natoka Nkunga. Nimeambiwa nitampata hapa Lusungu wa orodha.

Dishi alimnyooshea Lusungu kidole. Lusungu alijiweka sawa, akapitisha mkono kwenye nywele. Umaarufu ulikuwa umefika mpaka Nkunga, na umefika siku yenye mashahidi.

Lusungu: Ndiye mimi. Karibu, dada.

Neema: Kaka yangu ameniachia hii mpaka atakaporudi likizo. Nataka kujifunza kuandika programu. Orodha yako nimeisoma yote. Nimeipa nyota.

Lusungu akamgeukia mjomba wake: unasikia?

Neema: Sasa nilikuwa na swali moja tu. Nianze na kipi?

Lusungu: Inategemea.

Neema: Inategemea nini?

Lusungu: Unalenga nini. Unatoka wapi kiujuzi.

Neema: Sijui kitu. Nalenga kujua.

Lusungu: Basi kuna kichwa cha Wanaoanza.

Neema: Nimekiona. Viko zaidi ya sitini. Ndiyo maana nimekuja.

Lusungu: Vyote ni vizuri.

Neema: Ndiyo. Lakini nianze na kipi?

Mvua ilikuwa imepungua kidogo. Sisi tukamsaidia, kwa sababu hilo benchi halijawahi kukosa jibu.

Dishi: Anza na cha juu kabisa.

Lusungu: Hapana, nimepanga kwa alfabeti. Cha juu ni Anga. Ni cha watu wa roketi.

Hansadi: Basi cha mwisho.

Lusungu: Cha mwisho kimekufa.

Mimi: Aanze na chenye picha.

Lusungu: Sikumbuki kipi kina picha.

Neema: Wewe uliposoma, kipi ulikielewa haraka?

Alimuuliza bila ubaya wowote, na hicho ndicho kilichouma. Lusungu akafungua laptopu yake, akashuka, akashuka tena, macho yanapita juu ya mistari kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo. Hakuna aliyecheka. Mimi nilitaka, nikakosa pa kushika, maana hata mimi nilikuwa nasubiri amtajie, nianze nacho usiku huo kimyakimya.

Mzee Anyelwisye: Huko Mbeya darasa zima litakuwa kama huyu mwana?

Lusungu: Ndiyo, mjomba.

Mzee Anyelwisye: Na mimi nitakuwa nimesimama mlangoni, nakudhamini.

Lusungu hakuinua uso. Akapanda mpaka juu kabisa ya orodha, juu ya Anga, akafungua nafasi tupu, akaandika kwa herufi kubwa, ANZIA HAPA. Akaweka nukta. Kisha vidole vikabaki hewani.

Neema akainama karibu, mfuko wa mbolea unadondosha maji kwenye kiatu changu, akasoma maneno hayo mawili kwa sauti. Akasubiri. Sisi sote tukasubiri, Kasim ameshika birika halimimini. Halafu akamtazama Lusungu, kwa adabu kabisa.

Neema: Hapa wapi?