Zakarias Pattiwael, Mlinzi wa Ndege wa Nusa Hiti

Mchungaji, Bapa Raja mkuu wa kijiji, wazee wa Latulaha na ndugu waombolezaji, familia imenituma mimi Selfina, mtoto wa kwanza wa marehemu, niwasomee maisha ya baba yangu.

Marehemu Zakarias Pattiwael alizaliwa tarehe 14 Machi 1953 hapa Latulaha, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa marehemu mzee Elifas na marehemu mama Dortea, na kama wenzake wote alikua akila mayai ya buabua, ndege wa baharini, yaliyoletwa kwa vikapu kutoka kisiwa cha Nusa Hiti, wala hakuwahi kulificha hilo.

Alisoma shule ya msingi hapahapa kuanzia 1960 hadi 1966, akaendelea Saparua hadi 1969, na mwaka 1971 akaenda Ambon, alikojifunza kuunda mashua na kuifanya kazi hiyo kwa miaka minane, mpaka alipoitwa nyumbani kumuuguza baba yake. Tarehe 9 Oktoba 1980 alifunga ndoa na Bi Yakomina Tuhumury, wakajaliwa watoto wanne na wajukuu tisa, na mama ametaka isomwe wazi kwamba mumewe alijua siku ya kuanguliwa kwa kila yai la Nusa Hiti, ila siku alipozaliwa kitinda mimba wao Oktovianus, tarehe 22 Mei 1989, alikuwa hukohuko kisiwani akihesabu viota.

Mwaka uliotangulia alikuwa amewekwa kuwa kewang, mlinzi wa bahari na msitu wetu, na jambo la kwanza aliloomba ni kisiwa kifungwe kwa sasi, katazo la jadi, mtu asiguse yai tena. Wazee walikubali, naye akashikilia kwamba katazo litangazwe kisiwani penyewe, mbele ya kijiji kizima, kwa ibada na karamu, ili pasiwe na wa kusema hakusikia. Tarehe 2 Juni 1991 mashua thelathini na moja zilivuka zikiwa na magunia ya unga wa sagu na mikungu ya ndizi, na ndani ya mizigo hiyo wakavuka panya. Hakuna aliyevunja katazo, lakini panya walikula mayai na makinda msimu baada ya msimu, hadi mwaka 1996 hakutua buabua hata mmoja.

Wako waliosema ndege wamehama kwa hasira, yeye akasimama kanisani akasema, "Panya wale ni wageni wangu, niliwaalika mimi na karamu yangu, kuwatoa ni kazi yangu." Kwa miaka kumi na moja alivuka na mitego aliyoiunda mwenyewe na nazi ya kuchoma ya kutegea, akachekwa, akaitwa Bapa Panya hadi sokoni, akaitika. Panya wa mwisho alinaswa tarehe 3 Agosti 2007, na tarehe 19 Mei 2011 walirudi buabua, jozi sita, marehemu akakaa mchangani akalia bila haya. Mwaka jana vilihesabiwa viota elfu nne na mia mbili, na familia hii inajivunia kila kimoja.

Mwezi Januari mwaka huu figo zilianza kumsumbua, akatibiwa Ambon, na tarehe 11 Juni 2024, saa tatu asubuhi, akafariki dunia akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja. Wazee wameomba, kwa heshima kubwa, jeneza lizungushwe Nusa Hiti kama ilivyo desturi kwa kewang, lakini marehemu aliwahi kulisikia hilo akiwa kitandani, akamwambia mkewe, "Yakomina, makinda hawajajua kuruka, mkinipeleka huko nitashuka jenezani niwarudishe wote." Kwa hiyo mashua hazitatoka leo, na anayetaka kumuaga kewang wake atamuagia hapa pwani.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Ambon, majirani waliopika na kukesha nasi, na makewang wenzake, ambao tangu alfajiri wamesimama ufukweni wakiwarudisha ndugu waliokuwa wamekwisha pakia maua.

Bapa, umepumzika, na kisiwa bado kimefungwa, hata kwako.