Neno Nililomnyima Baba Yenu

Sogeeni, wanangu, na wewe kaka mtu acha kusimama mlangoni kama mgeni. Pumzi yangu siku hizi ni ya kubahatisha, sitaki kuimaliza kwa kupaza sauti. Nyumba ni yenu wote watatu, asiuze mtu. Cherehani apewe mkwe wangu, aliyeniosha muda wote huu bila kukunja uso. Nikifa msinisifu uongo kwamba nilikuwa mpole, majirani watacheka msibani. Mali ndiyo hiyo, imeisha. Lililobaki ndilo zito.

Kitindamimba wangu, jana ulidhani nimelala ukamwambia dada yako kwamba rubani utakayeruka naye kesho ananuka pombe kazini, na wewe na wahudumu wenzako mmekubaliana kunyamaza kwa kuwa ana watoto shuleni na amekaribia kustaafu. Nilisikia. Kilichochoka ni mwili, masikio bado.

Kaka yenu anajua ninakokwenda, ndiyo maana anatazama sakafu. Tangu aote ndevu ananiambia nilimwaga unga wa baba yake. Ni kweli, niliumwaga. Baba yenu alikuwa rubani, mimi mkuu wa wahudumu, na asubuhi ile yeye alitokea kwenye sherehe ya rafiki yake, mimi nikatokea nyumbani, tukakutana ndani ya ndege. Aliponipita niliipata harufu, ingawa alijipaka manukato na alikuwa anatafuna pipi. Rubani msaidizi aliipata pia, akajitia kushughulika na mkanda wake. Mhudumu mwenzangu akaninong'oneza, "Dada, mpe kahawa nzito, yataisha." Kila mmoja alimngoja mwenzake aseme, na wote walitumaini mimi sitasema, maana mke gani atamchongea mumewe?

Kazi yetu ina utaratibu wake: ndege haiondoki mpaka mkuu wa wahudumu amwambie rubani kwamba abiria wako tayari. Baba yenu akaniuliza kwa simu ya ndani. Neno hilo sikumpa. Akauliza tena, safari hii kwa sauti ya nyumbani, "Mama watoto, vipi?" Nilimpenda, wanangu, nilimpenda. Mbele yangu ajuza mmoja alikuwa anahangaika na mkanda wake. Nikamwambia auache kwanza, kisha nikamwita msimamizi wa zamu apande.

Baba yenu alishuka abiria wote wakimtazama, na hakurusha ndege tena. Aliishi miaka mingi akitengeneza redio hapo sebuleni, tukila meza moja, na hakunisamehe. Nami sikumwomba msamaha. Kimya kile kimenichosha kuliko ugonjwa huu. Lakini wewe, mwanangu wa kwanza, baba yako alifia kitandani akiwa mzee, umemshika mkono, na hakuna mtoto wa mtu aliyebaki yatima kwa ajili yake. Mchelea mwana kulia hulia yeye, nami nilichagua nani alie.

Kitindamimba, usingoje mwenzako. Watakutenga, watakuita mchongezi, chai utakunywa peke yako, sikufichi. Rubani huyo usimseme vibarazani wala usimtukane; mwambie mkubwa wa zamu ulichonusa, basi, wenye kupima wapime. Ukiwa umekosea, kamwombe radhi kwa heshima. Aibu ya kukosea inabebeka.

Na wewe kaka mtu, nilibeba peke yangu na ulinitazama nikibeba. Mdogo wako usimfanyie hivyo. Mkalishe hapa kando yangu, apige simu sasa, kesho sina hakika nayo... Nipe maji kidogo. Yatosha.

Radhi zangu mnazo wote, hata wewe uliyenikasirikia, hasa wewe. Mungu awafungulie njia, muendelee kuitana ndugu... Inaita? Jitambulishe kwanza, mwanangu... usinong'one... Kaka yako amekushika bega, naona... Haya. Sema.